Mashine ya Vidole Nyuma ya Kioo

Wakusanyaji wa mashine kuukuu za kuandikia hupenda kwanza kutuonyesha rangi: haijabanduka, jina la kampuni bado linang'aa. Kwa taipureta sina ugomvi nao. Kwa mashine ya nukta nundu nadhani wamemsahau mwenyewe.

Chukua ile aliyoibuni Frank Hall mwaka 1892 huko Illinois, Marekani. Kabla yake, asiyeona aliandika kwa kibao na kijiti chenye ncha ya chuma, akibonyeza nukta moja moja kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akageuza karatasi ndipo asome. Mashine ya Hall ilikuwa na vibonyezo sita, kimoja kwa kila nukta. Ukivibonyeza kwa pamoja, herufi nzima huchomoza upande wa juu, tayari kwa kidole. Hall hakuikatia hataza; hakutaka kutajirika kwayo.

Leo mashine ya namna hii ikiwekwa ndani ya kabati la kioo, maelezo yake yakiwa ya wino, asiyeona akifika itabidi asimuliwe chombo chake na mwenye macho. Hilo ni onyesho bovu, hata chuma kiking'arishwa vipi.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwitaliano Pellegrino Turri alimtengenezea Carolina Fantoni, aliyekuwa haoni, mashine ya kuandikia barua. Mashine ilipotea, ila baadhi ya barua zipo hadi leo. Mkusanyaji husikitikia mashine. Mimi nafurahia barua. Mikusanyo mingi niliyoiona ni kinyume chake: mashine kumi, na hakuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa nazo.

Kisha kuna Perkins, kazi ya David Abraham, mwalimu wa useremala, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951. Ina uzito wa kilo 5 hivi, na kengele hulia mstari ukikaribia kwisha. Hii si masalia. Madarasani kwetu Afrika Mashariki bado inatumika, kwa hiyo anayenunua nzima ili apambe rafu anamnyang'anya mtu daftari.

Mkusanyaji akinionyesha Perkins yenye vibonyezo vilivyosagika kwa vidole, na kengele bado inalia, sitauliza bei. Nitamwomba karatasi nene.