Jongoo wa Bamburi

Wageni wengi wanaoingia Haller Park, kaskazini mwa Mombasa, hukimbilia kuwalisha twiga. Mimi huanza kwa kuchutama chini ya mvinje na kufukua udongo kwa kidole. Ni mweusi, laini, unanukia msitu. Zamani hapa hapakuwa na udongo hata wa kujaza kifuu.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuchimba mawe ya matumbawe hapa miaka ya 1950. Kikaacha uwanja mweupe, jua linachoma juu na maji ya chumvichumvi yako karibu chini. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, René Haller wa Uswisi, akaanza kupanda. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizoshika ni tatu tu, na mvinje ndio uliobeba kazi. Mizizi yake huhifadhi vijidudu vinavyonasa naitrojeni hewani, kwa hiyo haudai mbolea.

Lakini majani yake, membamba kama sindano na yenye tanini nyingi, yalianguka yakalala vilevile. Hayakuoza. Mwenye haraka angeagiza malori ya udongo. Haller alileta majongoo: wale wakubwa weusi wenye miguu myekundu, ambao watoto wa Pwani huwagusa waone wakijiviringa. Jongoo hutafuna jani kavu, na kinyesi chake ndicho vijidudu vinachoweza kukimalizia kiwe mboji. Basi ikajengeka, kidogo kidogo, miaka na miaka.

Hapo ndipo ninapomvulia Haller kofia. Hakuna kilicholetwa kabla ya chakula chake kuwapo. Mboji ilitangulia mimea mingine, na wanyama wakaja wakakuta majani. Milango ilifunguliwa kwa watalii mwaka 1984, zaidi ya miaka kumi tangu mche wa kwanza. Na Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipoletwa hapa na kumganda kobe aitwaye Mzee, dunia iliupenda urafiki wao. Mimi niliwaza zaidi juu ya bwawa na nyasi alizozikuta.

Mara yangu ya mwisho, jongoo alikuwa akikata njia. Mwongozaji akanyoosha mkono, na wanafunzi wote wakasimama, kimya, mpaka jongoo akaishia kwenye majani ya upande wa pili.