Tiva wa Mafunjo na Picha Isiyosikia

Mtu wa pwani humjua tiva kwa sikio kabla ya jicho. Mweusi mgongoni, mweupe kifuani, hapendi kukaa wazi. Hujificha kichakani akapokezana sauti na mwenziwe, mmoja akianza na wa pili akimalizia, kwa wepesi ambao asiyejua hudhani ni ndege mmoja.

Tiva huyo ana ndugu yake bara, katika mafunjo ya Ziwa Victoria na mabwawa ya Uganda, Rwanda na Burundi. Naye huimba kwa kupokezana, ila yeye amejipamba: utosi wa manjano, kifua chekundu, mgongo mweusi, mstari mweupe ubawani. Ni nadra kuonekana nje ya mafunjo. Lau si mapambo hayo, wapiga picha wasingemfuata hadi Dunga, kando ya Kisumu, wakakesha na baridi ya alfajiri mitumbwini.

Picha waziletazo, aghalabu, ni picha moja iliyopigwa mara nyingi. Ndege yuko katikati, ameshika bua, kila unyoya unahesabika; nyuma yake pana ukungu wa kijani, laini mithili ya kitambaa kipya. Ukungu huo ni kazi ya lenzi ndefu iliyofunguliwa sana, na wenyewe huusifu kwa kuwa hauyavuti macho. Kasoro imo humo humo. Kilichofutwa ni mafunjo yenyewe. Shairi lenye vina vinavyong'aa na mizani iliyoporomoka halipewi heshima kwa ajili ya vina.

Njia nyingine ilikuwapo zamani. Mmarekani Eliot Porter, aliyesomea udaktari kabla ya kuishika kamera kama kazi, alionyesha picha zake za ndege kwa rangi katika Museum of Modern Art, New York, mwaka 1943. Alitumia taa kali za kumweka, akaweza kuubana mlango wa lenzi, hata jani, kiota na ndege vikatoka bayana pamoja. Porter naye halaumiwi bure: aliwavizia ndege viotani, mahali wasipoweza kupahama. Lakini picha yake haifichi kilichomleta ndege pale. Makinda yanaonekana, vinywa wazi.

Cha tiva wa mafunjo hufichwa. Kwa kuwa hatoki kwa hiari, wako wapiga picha wanaomchezea sauti iliyorekodiwa ya tiva wengine. Jozi yenye makao yake husikia wageni wamevamia, ikatoka kuwafukuza. Mtazamaji huona kifua kilichotuna na mdomo uliofunguka, akasoma humo furaha ya asubuhi; kumbe ni ghadhabu ya mwenye nyumba kwa mwizi asiyekuwapo. Na muda unaopotea katika vita hivyo vya bure ni muda wa kutafuta chakula na kulinda kiota.

Uzito wa jambo hili hauishii kwenye adabu ya sanaa. Mafunjo hukatwa kwa mikeka, huchomwa moto, hukaushwa ili palimwe. Bonde la Yala, lenye kinamasi kikubwa kabisa cha mafunjo nchini Kenya, limekwisha kupoteza sehemu yake kwa mashamba tangu karne iliyopita. Picha ya ukungu wa kijani ingeweza kupigwa hata kama nyuma ya bua lile moja pana shamba la mpunga, na hapana mtazamaji ambaye angetambua.

Zipo picha ambazo mpigaji huziweka kando kwa kuziona zimeharibika. Ndege ni mdogo, vishungi vya mafunjo vimemkata kifuani, mabua yamesongamana hadi ukingo wa picha na maji meusi yanaonekana chini. Hizo ndizo zinazostahili kutundikwa. Wekundu umebaki nukta tu. Na ndani zaidi, nusu imefunikwa na majani, ipo nukta ya pili, imegeukia ile ya kwanza.