Hundi ya Narsinh Mehta

Mtu wa Songea asikiapo neno hundi huwaza benki. Walakini neno hilo, lililoletwa na wafanyabiashara wa Kihindi, ndilo jina la kisa mashuhuri katika maisha ya Narsinh Mehta, mshairi wa Kigujarati wa karne ya 15, aliyeishi Junagadh akimwimbia Krishna.

Kisa chenyewe chasimuliwa hivi. Mahujaji waendao Dwarka walichelea wanyang'anyi, wakatafuta mtu wa kuwaandikia hundi. Wenye mzaha wakawaelekeza kwa Narsinh, fukara asiyekuwa na duka wala mdaiwa. Akapokea rupia 700, akaandika hundi kwa tajiri aitwaye Shamalsha, kisha akazitumia fedha zote kulisha watawa na maskini. Huko Dwarka tajiri huyo hakujulikana. Ndipo Krishna akatokea katika mavazi ya mfanyabiashara, akalipa.

Wako wanaokieleza kisa hiki kama tarehe ya maisha, na wako wanaokitupa kwa sababu ni muujiza. Pande zote mbili zimekosa. Masimulizi yajulikanayo sana ni ya Premanand, mtungaji wa karne ya 17. Basi ushahidi wake wahusu zaidi wasikilizaji wa Gujarat, watu wa mizani na daftari, kuliko Narsinh mwenyewe. Kwao hundi ilikuwa karatasi tupu mpaka apatikane wa kuilipa, na imani vivyo hivyo. Jina Shamalsha lastahili kuangaliwa: shamal, yaani mwenye weusi, ni sifa ya Krishna, na sha ni lakabu ya matajiri. Jina moja lachukua mungu na duka.

Kisa cha kuimba usiku nyumbani mwa watu wa tabaka la chini, kilichomtenga na Wabrahmana wenzake, kina uzito mwingine, maana kimo katika nyimbo zihesabiwazo kuwa zake.

Wasomi wa utendi wa Liyongo, alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, wamekwisha zoea kumtenga shujaa na msimulizi wake. Adabu hiyo yampasa Narsinh pia.

Mfasiri asithubutu kuandika cheki. Neno hundi ndilo lifaalo, ingawa maana yake kwetu imepungua. Msomaji wa Songea, aliyezoea hundi ya muhuri na karani, ataka kuelezwa kwanza kwamba ile ya kale iliandikwa kwa mkono, kwa jina la mtu, na jina hilo likikosekana mjini hapakuwa na wa kuilipa.