Moroto: Saa Iliyofungiwa Ndani ya Lava

Kaakaa la sokwe wa kale wa Moroto limeandikishwa kwa namba UMP 62-11, herufi za hazina ya visukuku ya Makumbusho ya Uganda, pale Kitante, Kampala. Lilitoka kwenye mashapo ya Moroto, huko Karamoja, nchi ya ukame na vumbi, na lilitangazwa mwaka 1963. Leo tunaambiwa mnyama huyo aliishi miaka milioni 21 iliyopita. Namba hiyo imepatikanaje?

Mfupa wenyewe haukupimwa. Kaboni ya mionzi hukoma kwenye miaka kama 50,000, kwa hiyo hapa haifui dafu. Kilichopimwa ni lava iliyomwagika juu ya mashapo ikayafunika kama kifuniko cha chungu. Chochote kilicho chini yake kilitangulia kuwapo.

Lava ina potasiamu, na kiasi kidogo cha potasiamu hiyo ni cha mionzi. Nusu yake huisha kwa miaka bilioni 1.25, na sehemu ya kile inachokizaa ni gesi ya agoni. Jiwe likiwa bado uji wa moto, gesi hutoroka. Likishaganda, agoni inayozaliwa hubaki ndani. Pima agoni na potasiamu, utajua jiwe liliganda lini.

Nadharia ni safi, jiwe ndilo lenye matata. Vunja kipande cha lava iliyokaa juani na mvuani: katikati ni cheusi ti, pembeni kimeingia ukahawia kama bati lenye kutu. Hapo maji yamepita, na agoni huvuja; ikivuja, jiwe huonekana changa kuliko lilivyo. Vipimo vya William Bishop na wenzake mwaka 1969 viliishia kwenye miaka milioni 12 hadi 14 tu.

Mwaka 1997 kundi la Daniel Gebo na Laura MacLatchy, akiwamo Robert Kityo wa Makerere, lilileta njia kali zaidi. Jiwe hupigwa nyutroni katika kinu cha nyuklia, kisha hupashwa moto hatua kwa hatua, na gesi ya kila hatua hupimwa peke yake. Sehemu zilizochakaa huachia gesi yake mapema. Hatua nyingi zinazofuatana zikitoa umri mmoja, mpimaji ana haki ya kuuamini. Wao walipata milioni 20.6. Martin Pickford alipinga kwa kulinganisha wanyama wa Moroto na wa maeneo mengine, akashikilia kama milioni 17. Hoja yake ilistahili kujibiwa, na kazi iliyochapishwa mwaka 2023 iliijibu kwa kurudi kwenye milioni 21. Mimi naegemea lava: wanyama huhama, jiwe lililoganda halihami.

Kazi hiyo ya 2023 ilipima pia kaboni ambayo mimea iliiacha kwenye udongo wa kale. Mahindi na mtama hubeba kaboni nzito kwa wingi kuliko migomba na maharage, na nyasi nyingi za nchi za joto ziko upande wa mahindi. Udongo wa Moroto ulikuwa na alama ya nyasi hizo, zaidi ya miaka milioni 10 kabla ya wakati zilipodhaniwa kuanza kutawala Afrika Mashariki. Sokwe yule mla majani, mwenye paja fupi nene, alipanda miti iliyoachana, na kati ya mti na mti palikuwa na nyasi.