Sanamu ya Askari na Jina Lisiloandikwa

Sanamu ya mji mkuu haiwekwi bure. Aliyeinuliwa juu ya nguzo, na aliyeachwa chini, hao ndio wanaotuonyesha ni nani aliyekuwa mwenye amri. Katika Dar es Salaam ya kikoloni, sanamu mbili zatosha kuthibitisha neno hili.

Ya kwanza ilizinduliwa mwaka 1909, nayo ilikuwa ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeongoza jeshi lililozima upinzani wa watu wa pwani. Wissmann alisimama juu, wima. Chini ya miguu yake aliwekwa askari Mwafrika, akimwinulia macho huku akimfunika simba kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Hatimaye ilifika Hamburg, na huko wanafunzi wa Kijerumani wenyewe waliiangusha mwaka 1967 na tena mwaka 1968.

Ya pili ndiyo sanamu ya Askari tuijuayo sote, iliyozinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Yule aliyekuwa chini sasa yuko juu, peke yake, ameinama mbele na singe yake imeelekea bandarini. Kwa ufundi, kazi hii ni njema, wala hatuoni haya kuisifu: mwili una nguvu, na mwendo wake ni wa mtu hai.

Lakini tusome maandishi yake. Kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha hati mbili, ya Kiarabu na ya Kirumi, mpiganaji anaahidiwa kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lipi? Tumeizunguka nguzo ile mara nyingi, wala hatukuona jina hata moja la askari. Ahadi imechongwa, kilichoahidiwa hakikuchongwa. Hiyo ndiyo dosari ya sanamu hii, nayo si dosari ya mchongaji bali ya serikali iliyoyahitaji mabega ya watu bila kuwahitaji watu wenyewe.

Wapagazi, waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, hawakupandishwa juu ya nguzo ile. Kumbukumbu yao imehifadhiwa na wananchi: mahali walipopiga kambi, jina la kikosi chao, Carrier Corps, liligeuka midomoni mwa watu likawa Kariakoo. Kila anayekwenda sokoni huwataja, ajue asijue.

Leo makao makuu ni Dodoma, kwa sheria ya mwaka 2018, na mji ule bado una nafasi ya viwanja na minara. Rai yetu ni moja: kabla ya kuyeyusha shaba, yakusanywe majina kutoka kwa wazee na katika nyaraka, yaandikwe yote, hata ya mpishi na mpagazi. Shaba isiyo na jina ni pambo la njiani. Jina lililoandikwa ni deni lililolipwa.