Mkono Unaopima Kumbukumbu

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi, seva za Mtwara nazo huingia msimu. Karani wa chama cha msingi anaingiza stakabadhi, mwenye ghala anahakiki kilo, na mkulima kule Msimbati anachungulia kwenye simu kama malipo yametoka. Wote wanagonga mlango mmoja. Mlango ukikwama, dawa iliyozoeleka ni moja tu: zima, washa. Ni kukumba maji kwenye dau bila kutafuta mbao iliyoachia.

Ndiyo maana nilimpenda kijana mmoja fundi wa Shangani. Hakuzima kitu. Aliita orodha ya matumizi ya kumbukumbu, tajiri wake akashtuka kuona nafasi tupu karibu imekwisha. "Usiangalie hapo, bosi," akamwambia kwa upole, "angalia inayoweza kupatikana." Linux haipendi kumbukumbu ilale bure, huitumia kuhifadhi mafaili yaliyosomwa punde, kisha huiachia programu zikiihitaji. Sijui ni fedha ngapi zimekwisha madukani kwa kuiogopa safu ile ya nafasi tupu.

Kisha akapima prosesi moja moja, na hapo ndipo ufundi ulipo. Mashine ilikuwa ya gigabaiti 4. Kila prosesi ya Apache, programu inayowapokea wageni wa seva, ikiwa na PHP ndani yake ilibeba peke yake megabaiti 70, na Apache ilikuwa imeachiwa kikomo ilichozaliwa nacho, prosesi 256. Zidisha, unakaribia gigabaiti 18. Foleni ikijaa, mashine huanza kuhamishia mzigo kwenye diski na kila kitu kinakuwa kizito. Mwisho kiini cha Linux huchagua wa kuuawa, na mara nyingi humwangukia aliyenenepa kuliko wote, hifadhidata, ambayo haikuwa na kosa. Fundi akatenga gigabaiti moja na ushee kwa hifadhidata na mfumo, iliyobaki akaigawa kwa 70. Akaandika 40. Wageni wengine wasubiri kidogo mlangoni, kuliko nyumba kuwaangukia wote.

Hakuishia hapo. Alitaka kujua 70 zimetoka wapi. Akakuta ripoti inayopakia stakabadhi zote za msimu kwa mkupuo, ili tu kujumlisha kilo. Akaiacha hifadhidata ijumlishe yenyewe, na orodha ndefu akazisoma kwa mafungu. Siku ile alizungumza kidogo sana.

Mwaka 1969 kompyuta iliyowashusha watu mwezini ilikuwa na kumbukumbu ya kuandikia ya maneno 2,048 tu. Ilipozidiwa karibu na kutua, ikatoa tahadhari 1202, ikatupa kazi ndogo na kushika za lazima, kwa sababu kuna watu walioketi na kuamua mapema kipi kitupwe. Sisi, kwa kujumlisha magunia ya Tandahimba, gigabaiti 4 hazitutoshi.

Yule kijana alipata kazi Dar es Salaam. Seva ikahamishiwa kwenye mashine ya kukodi ya gigabaiti 32, inayolipiwa kwa dola kila mwezi, iwe msimu au si msimu. Mtu akasakinisha kila kitu upya. Ripoti ya zamani ikarudi na kikomo kikarudi 256. Niliuliza nani aliyeirudisha namba ile. Hakuna aliyejua kwamba iliwahi kubadilishwa, wala kwamba inabadilishika.