Shoka Lifuatalo Njia ya Mti

Katika mji wa Troyes, kusini-mashariki mwa Paris, kuna shoka ambalo asiye fundi atadhani limeharibika. Bapa lake ni pana mno, limenolewa upande mmoja tu, na mpini umepinda kwenda kando. Wafaransa huliita doloire. Seremala anayelitumia husimama ubavuni mwa gogo na kulichonga kutoka juu kwenda chini, mpaka uso wa duara uwe bapa. Mpini ungekuwa umenyooka, vidole vyake vingekwaruzwa na mti kila anapopiga. Ule upande usionolewa ndio unaolala juu ya mti, hivyo makali hayazami ndani, yanabandua ganda jembamba na kuacha uso laini.

Shoka hilo limehifadhiwa katika Maison de l'Outil et de la Pensée Ouvrière, makumbusho ya zana za mikono yaliyofunguliwa mwaka 1974 ndani ya jumba la karne ya 16. Msingi wake ni mkusanyo wa Paul Feller, padri Mjesuiti aliyeziokota na kuzitunza zana za mafundi wakati viwanda vilipokuwa vimekwisha kuzifanya zionekane takataka. Leo zimepangwa zaidi ya 10,000, nyingi za karne ya 17 hadi ya 19, zikiwa zimetundikwa kwa makundi kwenye makabati ya kioo.

Mpangilio huo unadai mtu atembee polepole. Kwenye kabati la nyundo utaona kwamba nyundo ya fundi viatu ina uso mpana uliovimba kidogo, kwa sababu ukingo mkali ungeichana ngozi. Ya mwashi ina ncha ya kumegea jiwe. Kwenye randa za zamani tazama kichwani, pale fundi alipogonga muhuri wa jina lake. Mara nyingi kuna mihuri miwili au mitatu, ya watu tofauti. Fundi mmoja alipofariki au kuacha kazi, mwingine aliinunua randa yake, akagonga jina lake kando ya lile la kwanza na kuendelea kuranda. Mti uliopendwa kwa randa za Ufaransa ni cormier, mgumu na mzito, usiolika upesi kwa msuguano.

Zana iliyo nyuma ya kioo, hata hivyo, haiwezi kukuonyesha mkono. Kwa hilo inabidi kwenda Guédelon, msituni huko Burgundy. Tangu mwaka 1997 mafundi wanajenga hapo ngome nzima kwa mbinu za karne ya 13, ndani ya machimbo ya mawe yaliyokuwa yameachwa. Mawe yanatoka chini ya miguu yao na mialoni inatoka msitu unaowazunguka. Mizigo hupandishwa kwa gurudumu kubwa la mbao ambalo mtu hutembea ndani yake, na pembe mraba hupimwa kwa kamba yenye mafundo 13: nafasi 12 zilizo sawa, zikivutwa kuwa pembetatu ya tatu, nne na tano. Mgeni anaruhusiwa kusimama na kuuliza, na fundi hujibu huku kazi ikiendelea.

Simama kwa maseremala. Gogo huwekwa juu ya mihimili miwili na kukazwa lisibiringike. Hupigwa uzi wenye rangi kutoka ncha hadi ncha. Kisha fundi hupanda juu ya gogo na kukata mapengo ya wima, moja baada ya jingine, yanayofika kwenye mstari bila kuuvuka. Vipande vilivyo kati ya mapengo hupasuliwa na kuanguka. Hapo ndipo doloire huingia kusawazisha. Yote hufanywa mti ungali mbichi, maana mwaloni mkavu ni mgumu mno kwa shoka. Baada ya kufungwa darini ndipo unapokauka na kuwa mgumu.

Msumeno hupita pale ulipoelekezwa, na mti ukipinda, nyuzi zake hukatwa. Shoka hufuata nyuzi. Boriti iliyochongwa hivyo hubaki na nyuzi zake nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na moyo wa mti hubaki katikati, kwa sababu mti mmoja umetoa boriti moja. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wanaijua hoja hii: taruma hutafutwa kwenye tawi lililopinda lenyewe, kisha huchongwa kwa tezo.

Ufundi huu ulihitajika tena ghafla: jioni ya 15 Aprili 2019 paa la kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, liliteketea. Kenchi zake za mwaloni zilikuwa nyingi kiasi kwamba watu waliziita msitu, na nyingi zilikuwa zimedumu tangu karne ya 13. Wapo waliosema paa la namna hiyo haliwezi kujengwa tena, na wapo waliopendekeza chuma au kioo. Lakini wasanifu Rémi Fromont na Cédric Trentesaux walikuwa wamezipima kenchi hizo kwa makini mwaka 2014, kwa hiyo vipimo vilikuwepo. Mikono nayo ilikuwepo. Septemba 2020 maseremala wa Charpentiers sans Frontières walisimamisha mbele ya kanisa kenchi moja ya ukubwa kamili, iliyochongwa kwa shoka, wakaivuta juu kwa kamba.

Mapaa ya ukumbi na ya kwaya yalijengwa upya kwa mialoni mibichi iliyochongwa kwa mkono. Wahunzi wa Alsace walifua mashoka kwa ajili ya kazi hiyo, na miongoni mwa maseremala walikuwamo waliojifunzia Guédelon. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Kenchi hizo ziko juu ya kuba la mawe, na anayeingia kusali au kutalii haoni hata moja. Zilichongwa kwa uangalifu uleule.

Ndiyo maana namshauri msafiri mpenda ufundi asianzie Paris. Aanze Troyes aione zana, kisha aende Guédelon, lakini aulize kwanza tarehe, maana hufungwa majira ya baridi. Akitaka kurudi na zana, apite masoko ya mitumba ya miji midogo, akague kama makali yana chuma cha kutosha kunolewa tena. Au anunue tupa ya mbao iliyopigwa meno kwa mkono, jino kwa jino, kama zile za Auriou au Liogier. Meno hayo hayakujipanga kwenye mistari iliyonyooka, kwa hiyo tupa haiachi mifereji kwenye mbao. Bei yake ni kubwa, na ni halali.

Kisha aitumie. Paa la Notre-Dame lilirudi kwa sababu kulikuwa na watu walioendelea kuchonga miaka ambayo hakuna aliyewahitaji. Fundi wa mkono aliye karibu nawe, popote ulipo, mpe kazi leo.